Njaa Yenye Kusudi: Ulaji na Taswira ya Mwili kwa Vijana Balehe wa Transjenda

Mwanafunzi wa miaka 16 anaanguka kwenye mstari wa asubuhi katika shule ya bweni. Matroni anamleta zahanati. Kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea, kipimo cha mimba ni hasi, na wingi wa damu umeshuka kidogo tu. Katika daftari la wagonjwa panaandikwa "vidonda vya tumbo", na alama ya kuuliza mbele yake. Dawa ya kupunguza asidi inatolewa, na mwanafunzi anarudi bwenini na ushauri wa kula kwa wakati. Wiki tatu baadaye analetwa tena. Safari hii tabibu anahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima na kupata 46. Mikono ya mgonjwa ni ya baridi. Hedhi, anasema baada ya kimya kirefu, ilikoma miezi minne iliyopita. Anapolisema hilo uso wake hauna wasiwasi wowote. Una ahueni.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafunzo, lakini wanaowahudumia vijana watazitambua sehemu zake nyingi. Jambo la kuangaliwa zaidi ndani yake ni ile ahueni. Binti wa miaka 16 ambaye hedhi yake imekoma kwa kawaida huogopa: huogopa mimba, ugonjwa, au maneno ya watu. Huyu amefarijika, na sababu ya faraja hiyo ndiyo sababu ya njaa yake.

Ni vyema maneno yakafafanuliwa mapema. Kijana wa transjenda ni yule ambaye jinsia anayojihisi kuwa nayo hailingani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Mvulana wa transjenda aliandikwa msichana, na msichana wa transjenda aliandikwa mvulana. Hali hii si sawa na ya huntha, ambaye maumbile yake yenyewe hayakai wazi upande mmoja, wala neno hili halisemi mtu anavutiwa na nani. Katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, hali hii iliondolewa kwenye sura ya maradhi ya akili na kuwekwa katika sura ya hali zinazohusu afya ya mahusiano ya kimwili. Kinachoweza kuhitaji tiba ni dhiki inayoambatana nayo kwa baadhi ya watu, yaani maumivu ya kuuona mwili ukielekea kusikotakiwa. Na mwili hauelekei popote kwa kasi kama wakati wa balehe.

Kazi ya njaa

Vitabu vinapoeleza anoreksia, mara nyingi humtaja msichana anayeogopa unene. Maelezo hayo ni ya kweli kwa wagonjwa wengi, na pia yamewazuia wahudumu wengi wasimwone mgonjwa wa namna nyingine. Kwa kijana wa transjenda, unene wenyewe huenda usiwe adui. Mvulana wa transjenda anaweza kujinyima chakula kwa sababu nyonga zinapanuka, matiti yanakua, na hedhi inamkumbusha kila mwezi jambo asilotaka kukumbushwa. Msichana wa transjenda anaweza kujinyima kwa kuogopa misuli, mabega mapana na urefu, au kwa kuwa kila picha ya mwanamke anayoiona katika simu ni ya mwembamba, naye anadhani wembamba ndio utakaowafanya watu wamsadiki. Yuko pia anayekula kupita kiasi na kwa siri. Chakula humliwaza, na wakati mwingine mwili mkubwa humfaa kama pazia, kwa kuwa ndani yake umbo alilolikataa halionekani wazi. Mwingine hujichosha kwa mazoezi na kumimina fedha zake kwenye unga wa protini ili kifua na mikono vijae.

Ukitazamwa kwa nje, ulaji huu hautofautiani na ule wa vijana wengine wenye maradhi ya ulaji. Tofauti imo katika kusudi lake, na kusudi hilo halionekani kwenye mizani. Tabibu anayemwambia mvulana wa transjenda, kwa nia njema kabisa, kwamba akila vizuri hedhi itarudi na atakuwa "msichana mwenye afya", amemtajia malipo ambayo kijana anayakimbia. Kwa kauli hiyo moja amempa sababu nyingine ya kutokula.

Kuna ukweli mgumu hapa ambao mhudumu hana budi kuukubali ili aaminiwe: mwili wenye njaa humtii kijana kwa kiasi fulani. Nishati inapopungua sana, ubongo hupunguza ishara zinazoamrisha ovari au korodani, homoni za jinsia hushuka, hedhi hukoma na balehe hupunguza mwendo. Kijana huona kwamba njia yake imefaulu. Gharama yake hulipwa mahali asipopaona. Miaka ya balehe ndiyo miaka ya kuweka akiba kubwa ya madini katika mifupa. Estrojeni ikiwa chini na homoni za mfadhaiko zikiwa juu, akiba hiyo haiwekwi, na hata iliyokuwapo huanza kupungua. Sehemu ya hasara hiyo huenda isirudi hata baada ya uzito kurudi. Moyo hupunguza mapigo ili kuokoa nishati. Tumbo huchelewa kusukuma chakula, hivyo kijana hushiba kwa matonge machache, huhisi kujaa na kichefuchefu, na kwa njia hiyo huingia katika daftari kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Wakati huohuo kile alichokikusudia hakidumu. Mifupa ya nyonga iliyokwisha kupanuka haisinyai, matiti yaliyokwisha kuota hayaondoki, na siku mwili utakapolishwa, balehe itaendelea pale ilipoishia.

Akili nayo huathirika. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwalisha wanaume 36 waliojitolea, wote wenye afya, chakula pungufu kwa wiki 24, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa ulaji kabla ya hapo. Hata hivyo walizama katika fikra za chakula, wakawa wakali au wanyonge, wakajitenga, na hamu ya mambo mengine ikawatoka. Mengi yanayodhaniwa kuwa tabia ya mgonjwa ni matokeo ya njaa yenyewe. Mhudumu anayetaka kuzungumza na kijana kuhusu jinsia yake, shule yake na kesho yake, azingatie kwamba anazungumza na ubongo usio na chakula. Mazungumzo hayaahirishwi kwa sababu hiyo, ila yasichukue nafasi ya kumlisha.

Kilichopimwa

Utafiti mwingi kuhusu suala hili umefanywa Marekani, Kanada, Ulaya na Australia. Mmoja unaotajwa mara kwa mara ulichapishwa mwaka 2015 na Elizabeth Diemer na wenzake, wakitumia majibu ya wanafunzi 289,024 wa vyuo vikuu 223 nchini Marekani. Wanafunzi wa transjenda, wakilinganishwa na wanawake wasio wa transjenda wanaovutiwa na wanaume, walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 4 wa kuripoti kwamba waligunduliwa kuwa na ugonjwa wa ulaji katika mwaka uliopita. Waliripoti pia zaidi matumizi ya vidonge vya kupunguza uzito, kujitapisha na dawa za kuharisha. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo, wakubwa kidogo kuliko kijana wa mfano wetu, na majibu yalikuwa yao wenyewe bila kupimwa na daktari. Si takwimu za kuhamishwa moja kwa moja hadi Tabora au Kisumu. Zinachotosha kumfundisha tabibu wa Tabora au Kisumu ni kwamba akikutana na kijana wa namna hii, aulize habari za ulaji. Na akikutana na kijana anayejinyima chakula bila sababu inayoeleweka, asifunge mlango wa swali la jinsia.

Kuuliza bila kumfukuza

Kuna maswali matano mafupi yaliyotungwa London na kuchapishwa mwaka 1999 kwa jina la SCOFF, yanayotumika sana kuchunguza maradhi ya ulaji katika huduma za msingi. Huulizwa kama mtu hujitapisha anapohisi ameshiba kupita kiasi. Kama ana hofu kwamba ameshindwa kujizuia katika kula. Kama amepungua uzito mwingi ndani ya miezi 3. Kama anajiona mnene ilhali wengine humwambia ni mwembamba. Na kama chakula kimeyatawala maisha yake. Majibu mawili ya "ndiyo" hutosha kumfanya mhudumu achunguze zaidi.

Swali la nne ndilo linalomponyoka kijana wa transjenda. Akiulizwa kama anajiona mnene, mvulana yule wa bwenini atajibu kwa ukweli kabisa kwamba hapana, anajua kuwa amekonda. Hakuna uongo katika jibu lake, na tabibu ataweka alama ya "hapana" na kusonga mbele. Kwa hiyo inafaa liongezwe swali jingine, kwa maneno ya kawaida: kuna sehemu ya mwili ambayo ungependa isionekane, au isiendelee kukua? Na baada yake: umewahi kula kidogo, au kuacha kula, ili isikue? Maswali hayo hayamtaji mtu kuwa hivi wala vile. Kijana asiye wa transjenda atayajibu bila kukwazika, na aliye wa transjenda atajua kwamba amepata mtu wa kumsikiliza.

Katika jambo moja Kiswahili humsaidia mhudumu kuliko lugha nyingi anazosomea. "Yeye" ni yeye, awe wa kike au wa kiume, na kitenzi hakibadiliki. Kinachofichua jinsia ni majina ya heshima na ya udugu: binti, dada, kaka, mama mdogo. Mhudumu mtu mzima anaweza kumwita kijana "mwanangu" au "kijana" kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mazungumzo, akawa amemheshimu bila kutangaza lolote mbele ya matroni aliyekaa pembeni. Baadaye, wakiwa wawili tu, amwulize jina analopenda kuitwa, na kama anataka jina hilo litumike pia mbele ya wengine. Wengi hawataki, na wana sababu.

Matroni, mzazi au mlezi aombwe kutoka nje kwa muda katika kila mahudhurio ya kijana, kama utaratibu wa kawaida wa kliniki. Akitolewa siku moja tu, siku hiyo itamtilia shaka. Kinachoandikwa kwenye faili kiwe kile ambacho tiba inakihitaji. Mapigo ya moyo, uzito, hedhi, mwenendo wa ulaji na hatari ya kujidhuru ni mambo ya faili. Siri ya jinsia ya kijana haihitaji kusomwa na kila anayepitisha faili dirishani. Sheria ya ulinzi wa taarifa ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinazipa taarifa za afya uzito wa pekee, na kiapo cha taaluma kilikuwapo kabla yake. Katika mazingira ambamo kijana anaweza kufukuzwa shule au nyumbani kwa neno moja lililomtoka muuguzi, usiri ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa kijana aliyefichuliwa harudi kliniki, na moyo unaopiga mara 46 humngojea hukohuko alikokimbilia.

Dalili za hatari hazibadiliki kwa jinsia. Kijana anayejinyima chakula, mwenye mapigo ya moyo chini ya 50 kwa dakika mchana akiwa ametulia, shinikizo la damu chini ya 90/45, au joto la mwili chini ya nyuzi 35.6, anahitaji kulazwa au kupewa rufaa siku hiyohiyo. Vivyo hivyo anayezimia, anayetapika mara kwa mara, aliyekataa chakula kabisa, au anayezungumzia kujiua. Hilo la mwisho liulizwe waziwazi, kwani kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo.

Anapoanza kulishwa, wahudumu wa Afrika Mashariki wana ujuzi ambao wenzao wa nchi tajiri huutafuta vitabuni. Kila aliyefanya kazi katika wodi ya utapiamlo anajua kwa nini mtoto aliyedhoofu huanza na maziwa ya F-75 kabla ya F-100. Kwa kijana, kanuni ni hiyohiyo ya uangalizi: chakula kinaporudi, hasa cha wanga, fosfati, potasiamu na magnesiamu huweza kushuka ghafla katika damu na kuuhatarisha moyo. Hali hiyo ilionekana kwa wafungwa wa vita waliolishwa baada ya kuachiwa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kijana hupewa chakula cha kutosha kinachopanda kwa hatua, huku madini ya damu yakipimwa, na thiamini hutolewa mapema.

Sinia, mfungo na bweni

Mafunzo ya nchi za Magharibi huchukulia kwamba kila mtu ana sahani yake. Katika nyumba nyingi za pwani chakula huliwa katika sinia moja, na kijana mwenye kusudi anaweza kukaa mkekani na nduguze kwa nusu saa, akanawa, akamega, akazungumza, na asimeze matonge manne. Hakuna atakayejua. Familia isikemewe kwa hilo, bali ishauriwe kumpakulia chakula chake kwa muda wa matibabu, kama anavyopakuliwa mgonjwa yeyote, na mtu mzima mmoja akae naye hadi amalize. Katika familia za Kikongo zilizohamia Marekani au Kanada hali huwa nyingine: wazazi hufanya kazi za zamu, kijana hujipakulia mwenyewe, na ugali na sombe vilivyoachwa jikoni huishia kwenye pipa la taka.

Mfungo nao hutoa kivuli kizuri. Kijana anayeongeza siku za kufunga nje ya Ramadhani, au anayefunga na kusali kwa majuma, anaweza kuwa mchamungu, na anaweza kuwa anajificha. Sheria ya Kiislamu humruhusu mgonjwa kufungua, na viongozi wengi wa makanisa hulishauri hivyo hivyo. Neno la sheikh au mchungaji kwamba mgonjwa ale lina uzito ambao neno la tabibu halina, na kiongozi huyo hahitaji kuelezwa zaidi ya kwamba kijana ana ugonjwa unaomkataza kufunga.

Bwenini, jambo linalosahauliwa ni maji. Kijana anayeogopa choo, kwa kuwa chooni huonekana au hutaniwa, hujifunza kutokunywa tangu asubuhi hadi usiku. Humjia maumivu ya kichwa, haja ngumu na maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, naye hupewa antibiotiki mara kwa mara bila mtu kuuliza lini alikunywa maji. Ruhusa ya kutumia choo cha zahanati ya shule au cha walimu, itolewayo na mwalimu wa afya bila maelezo marefu, inaweza kusaidia katika hali kama hizo.

Na kuna maneno. Kwetu mwili wa mtu huingia katika salamu. "Umenenepa" ni sifa, "umekonda" ni pole, na shangazi anayekuja toka safari humtazama mtoto juu hadi chini kabla hajauliza habari za shule. Kijana aliyeanza kupata nafuu akiambiwa "sasa umekuwa binti hasa, umbo limejitokeza", anaweza kupoteza wiki tatu za matibabu kwa jioni moja. Familia iombwe jambo dogo: kwa miezi michache, mwili wa mtoto huyu usizungumzwe kabisa, kwa sifa wala kwa lawama. Asifiwe kwa sauti yake, kwa hesabu zake, kwa namna anavyowabeba wadogo zake.

Chati ipi, na chakula gani

Chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa miaka 5 hadi 19, za mwaka 2007, ziko mbili: ya wavulana na ya wasichana. Mhudumu hujiuliza atumie ipi. Kwa kijana ambaye balehe yake inaendelea bila dawa, chati ya jinsia aliyoandikiwa ndiyo inayofuata mwendo wa homoni zake. Kwa anayetumia homoni kwa muda, zote mbili huangaliwa. Lakini shahidi bora kuliko chati zote ni mwenendo wa kijana mwenyewe. Kijana aliyekuwa na mwili mkubwa tangu utotoni, akishuka ghafla hadi "uzito wa kawaida", anaweza kuwa na njaa kali huku mizani ikimsifu. Uzito wake wa miaka iliyopita utafutwe katika kadi za kliniki na fomu za kujiunga na shule. Anapopimwa, anaweza kupewa mgongo kwa mizani asione namba, na asiambiwe avue zaidi ya viatu na sweta.

Kuhusu chakula chenyewe hakuna mlo wa transjenda. Kuna mlo wa kijana anayekua, pamoja na mambo machache ya kuangalia. Viwango vinavyotumika Marekani huweka kalisi miligramu 1,300 kwa siku kuanzia miaka 9 hadi 18, kwa jinsia zote. Madini ya chuma huwa miligramu 15 kwa msichana wa miaka 14 hadi 18 na 11 kwa mvulana. Mvulana wa transjenda anayeendelea kupata hedhi huhesabiwa katika 15, lolote analojiita, kwa sababu chuma hupotea pamoja na damu. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hutoa kalisi, chuma na protini kwa bei ambayo maziwa hayaifikii. Mtindi, maharage, kunde, karanga, mayai, sukuma wiki, na chungwa au ndimu pembeni ili chuma kifyonzwe, vinatosha kujenga mlo kamili. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia ufyonzwaji wa chuma. Milo mitatu na vitafunio viwili, kwa saa zinazojulikana, ni mpango unaowafaa wengi. Vyakula visigawanywe kuwa vizuri na vibaya, maana kijana mwenye ugonjwa wa ulaji tayari ana mahakama kichwani mwake. Mafunzo ya kupambana na unene yanayotolewa shuleni humdhuru kijana huyu, na inafaa mwalimu ajue hivyo.

Homoni ziulizwe bila hasira, pamoja na zile zilizonunuliwa dukani bila cheti. Baadhi ya wasichana wa transjenda hutumia vidonge vya majira kwa wingi. Ethinilestradioli iliyomo katika vingi vya vidonge hivyo huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Spironolaktoni, inayotumika kuzuia homoni za kiume, huongeza mkojo na kupandisha potasiamu, hivyo kwa kijana asiyekunywa maji ni hatari maradufu. Testosteroni huongeza hamu ya chakula na wingi wa chembe nyekundu za damu. Kijana asiyeandaliwa huweza kuichukulia njaa hiyo mpya kama kushindwa, akaanza kujinyima upya. Anayefunga kifua kwa bendeji au nguo ya kubana aulizwe kuhusu pumzi na maumivu ya mbavu, ashauriwe kutoifanyia mazoezi wala kulala nayo, na aelezwe kwamba kubana huko peke yake kunaweza kumfanya ahisi ameshiba.

Iwapo tiba za jinsia zitolewe kwa walio chini ya umri wa utu uzima ni suala ambalo nchi hazijakubaliana. Miongozo ya jumuiya za kitaaluma ya mwaka 2017 na 2022 inaziruhusu kwa masharti. Uingereza, mwaka 2024, iliacha kutoa dawa za kuzuia balehe kama huduma ya kawaida. Na katika nchi nyingi hazipatikani kabisa. Mhudumu wa zahanati hawezi kuumaliza mjadala huo, wala hahitaji kuungoja umalizike. Dawa ya kusitisha hedhi, kwa mfano, ni ya kawaida katika kliniki za uzazi na hutolewa kwa sababu nyingi. Kwa kijana anayejinyima chakula kwa ajili ya hedhi tu, kumweleza kwamba iko njia nyingine isiyomla mifupa kunaweza kuwa mwanzo wa kula. Uamuzi wa dawa hiyo ni wa daktari, mzazi na kijana, baada ya vipimo. Sindano ya Depo, ambayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi, hupunguza madini ya mifupa, hivyo haifai kuwa chaguo la kwanza kwa mwili huu.

Mzazi mezani

Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa vijana wenye anoreksia ilianzia Hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, nayo huwakabidhi wazazi kazi ya kumlisha mtoto wao hadi apate nguvu ya kujilisha. Inamtaka mzazi awe mkali kwa ugonjwa na mpole kwa mtoto. Kwa kijana wa transjenda tofauti hiyo hupotea upesi. Mzazi huona njaa na jinsia kama kitu kimoja, hukemea vyote kwa pumzi moja, na mkeka wa chakula hugeuka baraza la kesi. Kijana hujifunza kwamba kila tonge lina hotuba.

Mzazi asitakiwe kwanza akubali ndipo mtoto atibiwe. Wengine watachukua miaka, wengine hawatafika. Anachoweza kuombwe leo ni kwamba suala la jinsia lisitajwe wakati wa kula. Lina saa yake na mahali pake, ikibidi mbele ya mshauri nasaha. Akiwapo bibi, mjomba au dada mkubwa ambaye kijana humwamini, huyo ndiye akae naye wakati wa kula hata kama si mkuu wa nyumba. Wazazi wengi waliojawa na hasira huweza kufanya hivyo wakionyeshwa namba: mapigo 46, na maana yake.

Mwanafunzi wa mfano wetu alilazwa siku kumi na mbili. Jioni ya kwanza tabibu hakumwahidi kwamba atarudi kuwa alivyokuwa. Alimwambia kwamba moyo wake umechoka, kwamba anajua njaa hii ilikuwa na kazi, na kwamba watatafuta kwa pamoja namna nyingine ya kuifanya kazi hiyo. Kisha akamuuliza kama uji auwekewe karanga au maziwa. Alichagua karanga. Alirudishwa shuleni na barua ya chakula cha ziada saa nne na ruhusa ya choo cha zahanati, na tarehe ya kupimwa kila wiki, akiwa amegeukia ukuta juu ya mizani.